Tunahesabu Mashine, Hatupimi Damu

Hotuba ya kufungua kituo cha kusafisha damu katika hospitali ya kaunti ina mpangilio wake, nami nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuweza kuitabiri. Kwanza hutajwa idadi ya mashine. Kisha hutajwa kilomita ambazo wagonjwa wa figo walikuwa wakisafiri kabla ya kituo hicho kujengwa. Halafu utepe hukatwa, picha hupigwa na mgeni wa heshima huondoka na msafara wake. Sijawahi kumsikia hata kiongozi mmoja akitaja kiwango cha damu cha wagonjwa watakaolala kando ya mashine hizo, wala watakachokula watakaporudi nyumbani.

Sina nia ya kuzibeza mashine. Zamani Wakenya wengi walioishi mbali na Nairobi na miji michache mikubwa hawakuwa na njia ya kuifikia huduma hii. Mpango wa kukodisha vifaa vya tiba uliozinduliwa na serikali ya kitaifa mwaka 2015, pamoja na maswali yote yaliyoulizwa baadaye katika Seneti kuhusu gharama yake, ulizifikisha mashine katika kaunti. Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, yaani NHIF, ikawa inalipia vipindi viwili kwa wiki kwa Sh9,500 kila kipindi. Wapo watu walio hai leo kwa sababu ya hatua hizo mbili, na mwenye kukana hilo hana haki. Hoja yangu ni kwamba tulilipia mashine tukadhani tumelipia matibabu. Pengo lililopo baina ya vitu hivyo viwili hulipwa na mgonjwa mwenyewe, kwanza kwa mfuko wake, na mfuko ukiisha, kwa nguvu za mwili wake.

Mimi ni msomi wa sera za umma, si daktari. Hata hivyo, sera ya afya haiwezi kujadiliwa kwa uaminifu na mtu asiyejua sera hiyo inagusa nini mwilini, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kidogo.

Figo zina kazi nyingi. Mashine, ambayo asili yake ni kazi ya daktari Willem Kolff nchini Uholanzi mwaka 1943, huiga kazi mojawapo: kuondoa taka na maji yaliyozidi katika damu. Mgonjwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa 8 za huduma katika wiki yenye saa 168. Lakini kuna kazi nyingine ambayo mashine haiifanyi hata kwa dakika moja. Figo za mtu mzima ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa kuzalisha chembechembe nyekundu za damu. Figo zikifa, amri hiyo hufifia, uboho hulegea na damu hupungua. Si kwamba mgonjwa amezembea kula. Amepoteza kiwanda.

Juu ya hasara hiyo, usafishaji wenyewe una kodi yake. Kila kipindi huacha damu kidogo katika mipira na kichujio, na vipimo vya maabara huchukua nyingine. Kwa mwaka mzima, mgonjwa anayesafishwa kwa mashine huweza kupoteza kati ya gramu 1 na 3 za madini ya chuma, ilhali akiba yote ya madini hayo katika mwili wa mtu mzima ni takriban gramu 3 hadi 4. Maji ya kusafishia pia huondoka na vitamini zinazoyeyuka majini, ikiwemo asidi ya foliki inayohitajika kuunda damu, pamoja na chembe ndogo zinazojenga protini. Mashine haiwezi kutenganisha taka na lishe kwa ukamilifu.

Tena kuna hila nyingine. Ugonjwa wa figo huambatana na uvimbe wa ndani kwa ndani, na hali hiyo huongeza homoni iitwayo hepsidini, ambayo hufunga mlango wa utumbo na kuzuia madini ya chuma kuingia katika damu. Ndiyo maana tembe za chuma ambazo kliniki za wajawazito hugawa kwa mafanikio huwasaidia kidogo tu wagonjwa wengi wanaosafishwa damu. Ndiyo maana pia unga wa mahindi na ngano ulioongezwa virutubisho, ambao sheria yetu imewalazimisha wasagaji wakubwa kuuzalisha tangu 2012, hauwezi kuwa jibu lao. Mipango yetu mikuu dhidi ya upungufu wa damu imewalenga akina mama wajawazito na watoto, na hiyo ni sawa. Mgonjwa wa figo ana upungufu wa aina nyingine. Anahitaji madini ya chuma yapitie mshipani na sindano ya erithropoietini ichukue nafasi ya figo.

Asipopata hayo, hemoglobini hushuka. Mwalimu hushindwa kusimama ubaoni dakika arubaini. Mama muuza mboga hushindwa kubeba gunia lake. Moyo hulazimika kupiga kwa bidii kuizungusha damu iliyo nyepesi, hutanuka, na hatimaye huchoka. Maradhi ya moyo ndiyo yanayoongoza kuwaua watu wanaosafishwa damu. Kwa hiyo tunaweza kumtoa mtu sumu mwilini kila wiki kwa gharama kubwa, huku tukimwacha afe kwa sababu ambayo tungeweza kuipunguza makali.

Tuje kwenye chakula, kwa maana hapo ndipo jamii yenyewe inapoingia. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, yaani mpe tu, kwa kuwa haja yake inajulikana. Mgonjwa anayesafishwa damu ni kinyume cha methali hiyo. Huyu lazima aulizwe, apimwe, kisha ndipo apewe. Jirani mwema akisikia kwamba damu imepungua, huleta sharubati ya bitiruti, managu, maharagwe na ndizi. Ni upendo, lakini vyakula hivyo vina potasiamu nyingi, na potasiamu isiyotolewa na figo huweza kuusimamisha moyo ghafla. Mboga zaweza kukatwakatwa, kuchemshwa katika maji mengi na maji hayo kumwagwa ili kupunguza potasiamu, ila asidi ya foliki nayo humwagwa humo humo. Kila ushauri una gharama yake, na ndiyo sababu unahitaji mtaalamu wa lishe anayemjua mgonjwa, si karatasi ya makatazo iliyobandikwa ukutani.

Kosa kubwa zaidi nililoliona ni kuhusu protini. Kabla ya kuanza kusafishwa, mgonjwa wa figo aghalabu huambiwa apunguze nyama, mayai na maharagwe ili asizichoshe figo zilizobaki. Akianza kusafishwa, ushauri hugeuka: mwongozo wa kimataifa wa lishe wa mwaka 2020 unapendekeza gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, juu ya gramu 0.8 zinazomtosha mtu mwenye afya. Wengi hawaambiwi kwamba amri ya kwanza imefutwa. Wanaendelea kujinyima kwa utiifu, wakidhani wanajitunza. Na hata yule anayeambiwa, atazitoa wapi? Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina takriban gramu 6. Fanya hesabu hiyo kwa nyumba ambayo mwenye kipato ndiye aliyelala kando ya mashine.

Binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alisafishwa damu kwa karibu miaka mitatu katika hospitali nisiyotaka kuitaja. Bima ilimlipia kila kipindi bila mgogoro. Lakini karibu kila mwezi alitoka na karatasi ya dawa mkononi, ameambiwa kwamba sindano ya damu haipo, akanunue nje. Duka lililokuwa nayo lilikuwa katika mji mwingine. Dawa hiyo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi, kwa hiyo alisafiri nayo kwa matatu ndani ya chupa ya chai yenye vipande vya barafu. Siku ambayo barafu iliyeyuka njiani alidungwa hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na pesa za kununua nyingine. Miezi ambayo hakumudu kununua kabisa, hemoglobini ilishuka mpaka akalazwa na kuongezewa damu. Katika vitabu vya bima, mtu huyu alihesabiwa kuwa amehudumiwa kikamilifu.

Kuongezewa damu huokoa maisha palipo na dharura, lakini kukifanywa badala ya dawa ni biashara ya hasara. Akiba ya damu nchini haijawahi kututosha, na kila painti inayokwenda kwa mgonjwa ambaye sindano ingemtosha imekosekana kwa mama anayevuja damu akijifungua. Zaidi ya hayo, mwili unaopokea damu za watu wengi huweza kuunda kingamwili dhidi ya tishu za wengine, na kingamwili hizo hufanya iwe vigumu kumpata mtu ambaye figo yake itakubalika. Nchini mwetu figo ya kupandikizwa hutoka kwa ndugu aliye hai. Kumwongezea mgonjwa damu ovyo leo huenda kukamfungia mlango wa figo ya ndugu yake kesho.

Kwa nini basi hali hii inaendelea? Sidhani kwamba ni ukatili wa wauguzi, ambao nawaheshimu. Ni namna tunavyolipa. Hospitali inayopewa kiasi kilekile kwa kila kipindi, iwe imetoa sindano au haikutoa, haipotezi chochote ikimtuma mgonjwa dukani. Kipindi kimehesabiwa, fomu imejazwa, malipo yatadaiwa.

Marekani ina somo kwetu hapa, zuri na baya. Nchi hiyo, ambayo haina bima ya umma kwa raia wote, ilianza mwaka 1973 kulipia usafishaji wa damu kwa karibu kila aliyeuhitaji, kufuatia sheria ya 1972. Erithropoietini ilipoidhinishwa huko mwaka 1989, bima ya umma iliilipia kando, kulingana na kiasi kilichodungwa. Kliniki zikapata faida kwa kila dozi na dozi zikapanda. Kisha majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 1998, 2006 na 2009 yakaonyesha kwamba kuilazimisha hemoglobini ya mgonjwa wa figo ikaribie ya mtu mwenye afya hakumletei nafuu iliyotarajiwa, na huweza kumwongezea hatari, ikiwemo ya kiharusi. Mwaka 2011 mfumo ukabadilishwa: bei moja kwa kila kipindi, sindano na madini ya chuma vikiwa ndani yake. Sasa hatari ikageuka, kwa kuwa kliniki ingeweza kujipatia faida kwa kutoa kidogo. Ndiyo maana kuanzia 2012 kliniki zisizotimiza viwango ziliweza kukatwa hadi asilimia 2 ya malipo yao, na miongoni mwa vipimo vya kwanza kabisa vilivyotumika ni hemoglobini ya wagonjwa.

Funzo ninalolichukua ni hili. Ukilipa kwa dozi bila kupima matokeo, unazaa ulafi. Ukilipa bei moja bila kupima matokeo, unazaa unyimaji. Sisi tumechagua njia ya pili na kusahau kipimo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya NHIF, na kila mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Mfumo ukiwa bado mchanga ndio wakati wa kuunyoosha. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kipindi cha kusafisha damu kifafanuliwe kwa maandishi yasiyo na utata. Ndani ya bei yake kuwe na kipimo cha hemoglobini kila mwezi, kipimo cha akiba ya madini ya chuma kila miezi mitatu, madini ya chuma ya mshipani, asidi ya foliki kwa anayeihitaji, na sindano ya erithropoietini. Mgonjwa akilazimishwa kununua nje kilicho ndani ya bei, gharama hiyo ikatwe katika malipo ya hospitali na arejeshewe yeye.

Pili, ununuzi ufanywe kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kuchochea uzalishaji wa damu katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2017, kwa ajili ya wagonjwa hawa hasa. Ulaya imekuwa na aina zinazofanana na dawa asilia tangu 2007, kwa hiyo si bidhaa ya kampuni moja tena. KEMSA ikinunua kwa ajili ya kaunti zote itakuwa na nguvu ya kujadili bei ambayo mwalimu mmoja aliyesimama dirishani pa duka la dawa hana. Na tuanze na kilicho rahisi: jaribio lililofanywa Uingereza kwa wagonjwa 2,141 na kuchapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba waliopewa madini ya chuma kwa mpango maalumu kila mwezi, bila kungoja yaishe, walihitaji dozi ndogo zaidi za erithropoietini. Madini ya bei nafuu yanapunguza matumizi ya dawa ya bei ghali.

Tatu, kila kituo kiwe na mtaalamu wa lishe anayezungumza lugha ya mgonjwa na kukijua chakula cha eneo lake. Ushauri kwa mvuvi wa Lamu hauwezi kuwa sawa na ushauri kwa mfugaji wa Turkana. Na mgonjwa apewe mlo wenye protini siku anayokuja kusafishwa. Mayai mawili na ugali si anasa ya kuishinda bajeti ya kaunti.

Nne, na hili kwangu ndilo kiini, matokeo yatangazwe. Kila robo mwaka, kila kaunti ichapishe asilimia ya wagonjwa ambao hemoglobini yao iko chini ya gramu 9 kwa desilita, kiwango ambacho mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unashauri tusimwache mgonjwa akifikie. Ichapishe pia idadi ya walioongezewa damu na idadi ya walionunua dawa nje. Safu tatu za takwimu zinatosha.

Nitaambiwa kwamba fedha hazipo, na kwamba ni afadhali kinga dhidi ya kisukari na shinikizo la damu, magonjwa yanayoongoza kuua figo. Kuhusu kinga, nakubali bila kusita. Lakini aliyekwisha kupoteza figo hawezi kurejeshwa nyuma na kampeni ya kinga. Kuhusu fedha, tupige hesabu. Vipindi viwili kwa wiki kwa Sh9,500 ni Sh988,000 kwa mwaka kwa kila mgonjwa, hata kwa bei ya zamani. Serikali iliyokwisha kutumia karibu shilingi milioni moja kumweka mtu hai haiwezi kudai imeokoa chochote inapomnyima madini ya chuma.

Hapa sheria nayo ina neno. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa ombi la Thiagraj Soobramoney, aliyetaka hospitali ya umma ya Durban imsafishe damu. Mahakama iliona kwamba mashine zilikuwa chache na kwamba hospitali ilikuwa na utaratibu wa busara wa kuchagua nani ahudumiwe. Alifariki muda mfupi baadaye. Uamuzi huo ungali unaumiza kuusoma, lakini swali lake lilikuwa nani aingie. Swali letu ni tofauti: aliyekwisha kuingia anapata nini? Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na katika kifungu hicho hicho kinampa haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Haki hizo mbili hukutana katika mwili wa mtu anayesafishwa damu. Hoja ya uhaba inayoweza kuitetea serikali mlangoni haiwezi kuitetea kando ya kitanda ambacho imekwisha kukilipia.

Kwa wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu: nendeni katika vituo vya kaunti zenu, kwa vibali stahiki, mkawaulize wagonjwa walitumia kiasi gani nje ya bima mwezi uliopita. Kwa wanaharakati: makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla hayajapitishwa. Fikeni mkiwa na swali moja lililoandikwa. Kwa watumishi wa umma, ambao najua wengi wenu mnasoma hapa bila kuacha maoni: takwimu ninazoziomba zimo tayari katika madaftari ya maabara za hospitali zenu. Hazihitaji zabuni wala mshauri kutoka nje. Zinahitaji mtu mmoja wa kuzijumlisha na mkubwa mmoja wa kutia saini zitoke.

Kisha siku ya kituo kingine kufunguliwa, kabla ya utepe kukatwa, mtu asimame amuulize waziri wa afya wa kaunti: kati ya wagonjwa mnaowasafisha sasa, ni wangapi wana damu ya kutosha? Akiwa na jibu, tumpongeze. Asipokuwa nalo, tutakuwa tumeipata ajenda ya bajeti ijayo.